Somo: Sura na Maandishi Katika Sarafu

Mkulima wa bonde la Kilombero auzapo mpunga wake Ifakara, huhesabu fedha aliyopewa, wala hatazami kilichochapwa juu yake. Walakini sarafu husema. Ya shilingi 100 ina sura ya Mwalimu Nyerere, na ya shilingi 200 ina sura ya Mzee Karume. Zamani sarafu ilitangaza pia dini ya mfalme aliyeipiga.

Mwisho wa karne ya 7, Kaisari Justinian wa Pili wa Rumi alitia sura ya Masihi katika dinari za dhahabu. Upande wa pili alijichora mwenyewe ameshika msalaba, akajiandika kuwa mtumwa wa Masihi.

Waislamu wa Shamu walikuwa wakitumia dinari za Rumi. Khalifa Abdulmalik bin Marwan alipoanza kupiga zake, aliondoa mti uliokingama katika msalaba, ikasalia nguzo juu ya ngazi. Kisha akatia sura yake mwenyewe na upanga. Mwaka 77 wa Hijra (696–697) akaziacha sura zote, yakabaki maneno matupu: kumpwekesha Mwenyezi Mungu, na utume wa Muhammad, rehema na amani zimshukie.

Desturi hiyo ilifika hata pwani hii. Maji ya Kilombero huingia Rufiji, na Rufiji humwagika baharini kuelekea Mafia. Kusini yake ndiko Kilwa, ambako masultani walipiga fulusi za shaba. Upande mmoja pana jina la sultani. Upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mola, yaliyolingana na jina lile kwa vina. Miongoni mwao ni Hasan bin Suleiman, ambaye Ibn Battuta alimzuru mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu. Na mwaka 1299 wa Hijra (1882), Sayyid Barghash wa Unguja alipiga pesa za shaba zenye alama ya mizani.

Hapa pana mazingatio. Jina la Mola juu ya shaba halimtakasi aishikaye, wala mizani iliyochorwa haisahihishi mizani ya dukani. Sura ya 83 ya Kurani yaitwa Al-Mutaffifin, yaani wapunjao vipimo, nayo yaanza kwa kuwaonya adhabu. Basi mnunuzi ajazaye gunia lumbesa, kisha akamlipa mkulima bei ya gunia moja, amekwisha kula haki ya mwenziwe, iwayo yote sarafu aliyolipa. Dini ya mfalme husomwa juu ya sarafu. Dini ya mfanyabiashara husomwa katika kipimo chake.