Taa ya Oili Imewaka, Pwani Bado Mbali

*Maswali ya manahodha, majibu ya fundi wa mashine za boti*

Fundi, taa nyekundu ya oili imewaka, king'ora kinalia na mashine imepungua nguvu ghafla. Imeshakufa?

Pengine bado. Mashine nyingi za kisasa zikihisi hatari hujipunguza mwendo zenyewe, mara nyingi hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Usilazimishe.

Jambo la kwanza ni kujua una mashine gani. Kwenye tu-stroki yenye tangi lake la oili, taa kwa kawaida inasema oili imepungua tangini. Kwenye foo-stroki inasema presha imeshuka, yaani krenki na beringi huenda zinasuguana kavu. Hiyo izime mara moja, utie nanga. Ila kama uko kwenye mlango wa mwamba na mawimbi yanakusukuma, roho za watu kwanza: toka polepole, kisha uzime.

Yangu ni foo-stroki. Nimepima, oili imejaa. Basi taa inadanganya?

Hapo ndipo wengi huua mashine. Oili kujaa na oili kuwa na presha ni mambo mawili. Simamisha mashine wima, subiri dakika kadhaa oili ishuke, pima tena, kisha itazame na kuinusa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, petroli inavuja ndani, labda kwa diaframu ya pampu ya mafuta iliyochanika. Au umetembea polepole mno kwa saa nyingi, mashine haipati moto wa kutosha. Oili ya namna hiyo ni nyepesi, haishiki presha. Hata uliyoijaza kupita kiasi hutoa povu, nayo presha hushuka vilevile.

Oili ikiwa safi na kiasi chake sawa, ndipo tunaishuku swichi ya presha na waya wake. Chumvi inakula hizo vibaya sana. Lakini usikisie: fundi afungue swichi, afunge geji mahali pake, asome presha yenyewe na kuilinganisha na kitabu cha mashine. Swichi ni bei ndogo ukilinganisha na krenki.

Tu-stroki yangu huwaka taa wakati wa kusi tu, bahari ikitulia inazima.

Oili yako iko chini, mawimbi yanaitikisa na boya la tangini linacheza nayo. Jaza. Ikiendelea, fungua tangi uangalie chini: mara nyingi utakuta maji na uchafu, na chujio limeziba.

Pampu ya oili ikinifia katikati ya bahari?

Changanya mwenyewe, kama wenye mashine ndogo wafanyavyo kila siku. Kwa uwiano wa 50:1, dumu la lita 20 la petroli linataka mililita 400 za oili. Iwe oili ya tu-stroki ya mashine za boti, ile yenye alama TC-W3. Ya pikipiki iache dukani. Tikisa vizuri, rudi taratibu. Kwa hiyo chupa moja isikose botini, hata kama mashine yako inajichanganyia.

Fundi mmoja alikata waya wa king'ora, sasa mashine inaenda vizuri tu. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Kwenye mashine nyingi king'ora hicho hicho ndicho kinacholia mashine ikichemka. Plastiki ikinasa kwenye mdomo wa kuvutia maji, hutasikia kitu mpaka pistoni zishike. Mrudishie aunge waya, halafu washa swichi kabla ya kupiga mashine: mashine nyingi hulia kidogo au kuwasha taa hapo kujipima. Ikinyamaza kabisa, kazi yake haijaisha, usimlipe.