Fahamu: Kwa Nini Simu Haiwezi Kuamua Mpaka wa Ploti

Mkazi wa Makadara anaweza kusimama kwenye kona ya nyumba yake, afungue ramani ya simu, na alama ya buluu imwonyeshe yuko sebuleni kwa jirani. Simu haijaharibika. Hapo ndipo uwezo wake wa kupima unapoishia.

Setilaiti za GPS ziko takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi. Simu nyingi hukadiria umbali kwa muda ambao ujumbe wa setilaiti umetumia kusafiri. Hata mahali pa wazi, kosa huwa mita kadhaa. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia simu, na kosa huzidi.

Mpimaji ardhi hutumia kipokezi kinachosoma pia awamu ya wimbi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake. Ni kama kutazama ngazi za Bandari ya Kale na kujua maji yanajaa au yanakupwa, na yamefika wapi. Wimbi la GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi, kwa hiyo kusoma sehemu yake ni kupima kwa milimita. Kipokezi cha pili huwekwa mahali panapojulikana, vipimo vikalinganishwa, na kosa likabaki sentimita moja au mbili. Kuta zikiziba anga, mpimaji humalizia kwa mashine ya mwanga. Nyingi za mashine hizo nazo husoma awamu ya mwanga unaorudi.

Utafiti unaendelea kutafuta vifaa vidogo zaidi vya kusoma awamu. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walipima awamu ya mawimbi ya maikrowevu kwa kifaa cha spintroniki, kinachotumia usumaku mdogo wa elektroni. Wapimaji ardhi hawakitegemei kifaa hicho.

Kwa mkazi, funzo ni hili: picha ya ramani ya simu si kipimo cha mpaka. Kabla ya kujenga ukuta au kung'oa bikoni ya jirani, aitwe mpimaji mwenye leseni. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mahakama haisikilizi mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla Msajili wa Ardhi hajaamua mpaka huo.