Kusoma Kiingereza Ugenini: Mwaka wa Lugha si Mwaka wa Kungoja



Katika somo letu la leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za miji yetu ya pwani, na ambalo watu hulitolea mali kabla ya kulielewa. Nalo ni masomo maalumu ya Kiingereza yatolewayo na vyuo vikuu vya Marekani kwa wanafunzi watokao nchi za nje. Masomo ambayo mwanafunzi hashughuliki ndani yake na jambo jingine ila lugha, asubuhi hata alasiri.

Kijana hupata barua ya chuo kikuu, wazee wakafurahi. Mama hutoa dhahabu yake ikauzwa, baba huuza kipande cha shamba, na jamaa huchanga. Kisha ikabainika kwamba kabla ya kuanza uhandisi au hesabu au biashara, kijana sharti asome lugha miezi minne, au minane, au mwaka mzima. Habari hiyo ikifika nyumbani, wazee husema, "Mtoto amecheleweshwa." Na mtoto naye husema moyoni mwake, "Haya ni ya kungoja tu." Kwa fikira hiyo moja hupotea mwaka, hupotea mali, na mara nyingine hupotea chuo chenyewe.

Kwa hivyo yatupasa tueleze masomo haya ni nini, yana masharti gani, na mwenye kuyaendea afanye nini ili yamfae.

ASILI YAKE

Mnamo mwaka 1941 Chuo Kikuu cha Michigan, katika mji wa Ann Arbor, kilifungua taasisi ya kufundisha Kiingereza chini ya uongozi wa Charles Fries. Wanafunzi wake wa mwanzo walitoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati. Taasisi hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake katika vyuo vikuu vya nchi ile, na baadaye vyuo vingi vikafuata nyayo zake.

Fries alishika rai kwamba lugha ni sauti kwanza, na maandishi huja nyuma. Kwa hivyo mwanafunzi alisikizishwa sentensi, akairudia na kuirudia mpaka ulimi ukaizoea. Njia hii ilikuwa na faida, lakini baada ya miaka walimu waliona ila yake: mtu aweza kurudia kama kasuku, na akiulizwa swali lisilokuwamo katika somo, akanyamaza. Ndiyo sababu masomo ya siku hizi huchanganya kusikiza, kusema, kusoma na kuandika, na mwanafunzi hutakiwa atoe maneno yake mwenyewe.

Sisi watu wa pwani tungelifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Wangapi katika watoto wetu husoma Kiarabu kwa sauti nzuri na kwa tajwidi, na ukiwauliza maana ya aya waliyoisoma hawana jawabu? Kuzijua herufi si kuijua lugha. Na lililo kweli kwa Kiarabu chuoni ni kweli kwa Kiingereza skulini.

NANI AYAHITAJIYE

Si kila kijana anayahitaji masomo haya. Aliyesoma Kenya tangu udogoni amesomeshwa kwa Kiingereza katika skuli, na huenda akaingia chuo kikuu moja kwa moja, ama kwa vyeti vyake ama kwa kufanya mtihani. Mitihani ijulikanayo zaidi ni TOEFL, iliyoanza mwaka 1964, na IELTS, iliyoanza mwaka 1989. Kila chuo kina kiwango chake, na mwenye kukipata hana haja ya kulipia mwaka wa lugha.

Lakini wako wengine. Yuko kijana aliyesoma miaka mingi katika vyuo vya Kiarabu, akabobea katika nahau na fikihi, na Kiingereza chake kikabaki nyuma. Yuko aliyesoma skuli ya msingi kwa Kiswahili huko Tanzania, akakutana na Kiingereza cha masomo katika sekondari tu. Wako jamaa zetu wa Omani ambao lugha yao ya skuli ni Kiarabu. Hawa si wajinga wala si wavivu. Ilimu wanayo, ila imefungwa katika lugha nyingine, na mwaka wa lugha ndio ufunguo wake.

MASHARTI YA KUJUA KABLA YA KULIPA

La kwanza, ithibati. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini Desemba mwaka 2010 yataka masomo ya Kiingereza yawapokeayo wanafunzi wa viza ya F-1 yawe na ithibati ya chombo kinachotambuliwa na serikali, au yawe chini ya ithibati ya chuo kikuu chenyewe. Mzazi aulize: ithibati hii ni ya nani? Asiridhike na picha za majengo.

La pili, kukubaliwa kwa sharti. Barua nyingi husema kwamba mwanafunzi amekubaliwa chuo kikuu, kwa sharti akamilishe lugha. Tangu mwaka 2016 mwongozo wa serikali ya Marekani ni kwamba mwanafunzi wa namna hiyo hapewi fomu ya I-20 ya shahada. Hupewa ya masomo ya lugha kwanza, na akiisha kutimiza sharti ndipo hupewa ya shahada. Basi barua ya sharti ni ahadi, na ahadi hiyo hutimia kwa kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Asomaye "amekubaliwa" akaruka neno "kwa sharti" amejidanganya nafsi yake.

La tatu, saa za darasa. Kanuni yataka mwanafunzi wa lugha ahudhurie saa zisizopungua 18 kwa wiki pale ambapo sehemu kubwa ya masomo ni ya darasani. Asiyehudhuria hutolewa habari zake katika daftari la serikali liitwalo SEVIS, lililoanza kutumika mwaka 2003, na huenda akapoteza haki ya kukaa katika nchi ile. Huko, kutokwenda darasani si kosa baina ya mwanafunzi na mwalimu wake tu. Ni kosa mbele ya sheria.

La nne, kazi. Wako wanaotumaini kwamba kijana atajilipia mwenyewe kwa kufanya kazi. Kazi ya ndani ya chuo ina mpaka wa saa 20 kwa wiki wakati masomo yanapoendelea, na mwanafunzi wa lugha haruhusiwi ile ruhusa ya mafunzo ya kazi wapewayo wanafunzi wa shahada. Basi fedha za mwaka wa lugha sharti ziwe tayari kabla ya safari.

La tano, hesabu ya masomo. Aghlabu madarasa ya lugha hayahesabiwi katika shahada. Miaka minne ya shahada huanza baada yake, na mwenye kupanga fedha za miaka minne apange kwa mitano.

ULIMI WETU NA KIINGEREZA

Afikapo, mwanafunzi hufanyishwa mtihani wa kumpima, kisha akawekwa katika daraja limfaalo. Wengine huona haya kuwekwa chini. Hapana haya katika hilo: haya ni kupanda daraja usilolimudu, ukaanguka katika kila somo.

Yafaa mwanafunzi wetu ajue mahali ulimi wa Kiswahili utakapomponza. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza kina nyingi zaidi. Kwa sikio letu "ship", yaani merikebu, na "sheep", yaani kondoo, ni neno moja. Kwa Mwingereza ni maneno mawili. Neno letu humalizika kwa irabu, na kwa hivyo twaongeza irabu pasipo na irabu, kama tulivyofanya tulipolichukua "bank" tukalifanya benki. Sisi husema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke, nao husema "he" na "she", na mwenzetu akisahau humwita bibi kama bwana. Tena hatuna vineno kama "a" na "the", ambavyo kwao hubadilisha maana.

Lakini tunayo neema pia. Sauti mbili za "th" ya Kiingereza, ile ya "think" na ile ya "that", huwataabisha sana Wafaransa na Wajapani. Mtoto wa Mombasa au Lamu anazo tayari mdomoni mwake: aseme thelathini, kisha aseme dhahabu.

Na katika maneno, asikusanye ovyo. Mwaka 2000 mwalimu Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya maneno yatumikayo sana katika vitabu vya vyuo vikuu, nayo ina jamaa 570 za maneno. Mwenye kujifunza jamaa 3 kila siku huimaliza orodha hiyo katika muda wa siku 190, na hizo ni pungufu ya miezi saba.

ADABU YA DARASA NA AMANA YA MANENO

Kuna mambo mawili ambayo kijana aliyelelewa kwetu huyaona mageni.

La kwanza ni kusema darasani. Sisi tumefundishwa kumnyamazia mwalimu kwa heshima. Huko ukimya wa mwanafunzi hufahamiwa kuwa hakujitayarisha au hakuelewa, na mara nyingi kusema darasani kuna alama zake. Basi na ainue mkono, aulize kwa adabu. Kuuliza si ujinga, na masheikh wetu wenyewe walifundisha kwa kuulizwa maswali na wanafunzi wao.

La pili ni kunukuu. Kijana aliyezoea kuhifadhi huona ni sifa kuandika maneno ya kitabu kama yalivyo. Huko akiyaandika bila kumtaja mwenyewe huhesabiwa mwizi, na huenda akafukuzwa chuo. Wengine husema hii ni desturi ya Wazungu. La, hasha! Wanavyuoni wetu wa hadithi hawakupokea neno bila isnadi: nani kasema, na kalipokea kwa nani. Kumrudishia mtu neno lake ni amana, na Mwislamu alipaswa kuwa wa kwanza kuijua.

AKAE NA NANI?

Hili ndilo linalowaponza wengi. Mwanafunzi hutoka darasani saa nane, akarudi katika chumba cha wenzake wa lugha moja, wakapika wali wao, wakazungumza Kiswahili au Kiarabu mpaka usiku. Mwaka ukiisha amesikia Kiingereza saa za darasani tu, kama kwamba hakusafiri.

Hatusemi awakimbie ndugu zake. Chama cha wanafunzi Waislamu wa Marekani na Kanada kiliundwa mwaka 1963, na vyuo vingi vina tawi lake. Humo kijana hupata sala ya jamaa, futari ya Ramadhani, na wa kumwuliza kuhusu chakula cha halali. Tena humo hukutana na Mturuki, na Mwindonesia, na Mwislamu mzaliwa wa Marekani, ambao hawana lugha ya kuzungumza naye ila Kiingereza. Basi mwenye busara hupata pale pale hifadhi ya dini yake na mazoezi ya ulimi wake.

Ajiwekee desturi nne kila siku: asome gazeti ukurasa mmoja, aandike ukurasa mmoja kwa maneno yake mwenyewe, azungumze nusu saa na mtu asiyejua lugha yake, na asikize hotuba moja ya ilimu anayokusudia kuisoma. Asiyefanya haya ataingia darasa la shahada akiwa na cheti cha lugha mkononi, na mwalimu akisema kwa kasi hatafahamu lolote.

NENO KWA WAZEE

Enyi wazee wetu, kabla ya kuuza dhahabu na shamba, ulizeni maswali haya: Mtoto huyu ahitaji kweli masomo ya lugha, au mtihani mmoja wamtosha? Masomo hayo yana ithibati? Je, chuo kikuu kimeandika wazi ni daraja gani la lugha litakalomfungulia mlango wa shahada? Fedha zatosha mwaka mmoja zaidi? Wala msitosheke na jawabu la wakala, kwani wako mawakala walipwao na chuo kwa kila mwanafunzi wampelekaye. Mwandikieni chuo chenyewe, mpate jawabu kwa maandishi.

Na akiisha kwenda, msimwulize kila mwezi, "Lini utaanza masomo?" Swali hilo humfundisha kwamba yaliyo mbele yake si masomo. Mwulizeni, "Wiki hii umesoma nini, na umezungumza na nani?" Akiweza kuwajibu kwa urefu, jueni kwamba mali yenu haikupotea. Akiwajibu kwa neno moja, mwonyeni mapema, kabla mwaka haujaisha.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu ilimu yenye manufaa, na awarudishe kwetu nayo.