Kulia Si Kukosa Imani
Somo la familia na vikundi vya nyumbani
Soma: Yohana 11:1-44

Humu kambini mtu akimlilia ndugu aliyepotea vitani, mara nyingi huambiwa: "Nyamaza, mama, wewe umeokoka." Je, machozi ni dalili ya imani haba? Tuangalie Neno.

1. Yesu alipenda kwanza. Mstari wa 5 unasema aliwapenda Martha, dada yake na Lazaro. Upendo unatajwa kabla ya kaburi, ili tujue uchungu utakaofuata umetoka wapi.

2. Yesu alijua, lakini alilia. Tangu njiani aliwaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro (mst. 11). Hata hivyo, alipomwona Mariamu akilia, alifadhaika, naye akalia (mst. 33-35). Hakumkemea Mariamu. Nao watu waliokuwapo walitambua kwa machozi yale jinsi alivyompenda Lazaro (mst. 36).

3. Paulo hakatazi machozi. Katika 1 Wathesalonike 4:13 anataka tusihuzunike kama watu wasio na tumaini. Tofauti yetu na wao ni tumaini, si macho makavu. Tena Warumi 12:15 inatuagiza tulie pamoja na wanaolia.

Wapendwa, kati yetu wako waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, wakaacha watu ambao hadi leo hawajui kama wako hai. Hawakupata kaburi wala matanga. Wengine wameufunga moyo ili usiumie tena. Lakini moyo uliofungwa ili usihuzunike, mke na watoto nao hukuta mlango umefungwa. Ukimpenda mtu, utaumia kwa ajili yake. Uchungu huo si dhambi. Upeleke kwa Bwana, naye hatakufukuza.

Jirani yako akilia, usianze na mahubiri. Mchotee maji, mpelekee kuni, kaa naye mkekani. Maneno yatapata wakati wake.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini Yesu alilia hali alijua atakachofanya?
2. Ni nani ambaye jina lake halitajwi tena nyumbani kwenu? Wiki hii mtajeni pamoja katika sala ya jioni, na atakayelia asinyamazishwe.

Mungu wa faraja yote awe nanyi. Amina.