SOMO LA UFUNDI: UCHAKAVU WA BAISKELI YA UMEME NA UBADILISHAJI WA VIPURI VYAKE

Baiskeli si chombo kigeni kwa wakazi wa Buhongwa. Kwa miaka mingi imebeba mkaa, mihogo, madumu ya maziwa na abiria katika barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Shinyanga, na katika njia za vumbi na mawe zinazopanda vilimani. Baiskeli ya umeme ni ndugu yake wa karibu: ina fremu, mnyororo, breki na magurudumu, ila imeongezewa mota, betri na kidhibiti cha umeme. Kwa sababu ya ukaribu huo, baadhi ya wenye vyombo hivi huvitunza kwa desturi ya zamani, yaani kusubiri kitu kikatike ndipo fundi aitwe. Somo hili linaeleza kwa nini desturi hiyo humletea mwenye chombo hasara, na pengine maafa.

Kwa nini huchakaa upesi

Mtu mwenye afya anayekanyaga kwa mwendo wa kawaida hutoa nguvu ya takriban wati 100. Mota ndogo ya baiskeli ya umeme hutoa wati 250, na nyingine huzidi hapo. Mguu wa mwanadamu huchoka, naye mpandaji hushuka akaikokota baiskeli mlimani. Mota haichoki, bali huendelea kuvuta mzigo. Hivyo basi, sehemu zilizobuniwa kwa nguvu ya miguu hubebeshwa kazi iliyo zaidi ya maradufu. Aidha, mwendo ukiongezeka, breki nazo hutakiwa kuzuia kishindo kikubwa zaidi. Vumbi la kiangazi huingia kwenye mnyororo na kuusaga kama msasa, na tope la masika hufanya vivyo hivyo kwenye breki.

Mnyororo na gia

Mnyororo haurefuki kwa kuvutika, bali kwa kulika kwa pini zake. Kipimo chake ni rahisi, nacho chahitaji rula yenye inchi tu. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 zinazofuata. Katika mnyororo mpya, pini ya 24 huangukia inchi 12 kamili. Ikipita alama hiyo kwa milimita moja na nusu, mnyororo ubadilishwe. Ikipita kwa milimita 3, mnyororo umekwisha kuyala meno ya gia, na kuubadilisha peke yake hakutasaidia, kwa kuwa mnyororo mpya utaruka juu ya meno mabovu. Hapo mwenye baiskeli hulazimika kununua vyote viwili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Izingatiwe kwamba baiskeli yenye mota katikati, mahali pa pedali, hupitisha nguvu yote ya mota katika mnyororo. Huyu apime mnyororo wake mara nyingi kuliko mwenzake ambaye mota yake imo ndani ya gurudumu.

Magurudumu

Mwenye mota ndani ya gurudumu la nyuma ana jambo jingine la kuangalia, nalo ni spoku, zile nyaya ngumu zinazoshika rimu. Uzito wa mota, mzigo na mawe ya njiani huzilegeza. Zibinye mbili mbili kwa vidole, iliyolegea hujitambulisha. Spoku moja ikikatika, ibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa maana jirani zake hubeba mzigo wake nazo hukatika kwa zamu. Nati za ekseli ya mota nazo zikazwe. Zikilegea, ekseli yaweza kujizungusha ndani ya fremu na kukata waya za umeme.

Breki

Hili ndilo jambo lisilovumilia kuahirishwa. Mzazi anayeteremka na mtoto nyuma na gunia mbele hana msaada mwingine ila breki. Kwa breki za diski, pedi ibadilishwe unene wa kitambaa chake cha msuguano unapofikia milimita moja. Ikiachwa hadi chuma kikasugua chuma, diski nayo huharibika, na uwezo wa kusimama hupungua. Kwa breki za raba zinazobana rimu, raba ibadilishwe mifereji yake inapofutika. Mafuta ya mnyororo yasiguse kabisa diski wala pedi. Waya wa breki ulioanza kufumuka nyuzi usiungwe, bali ubadilishwe.

Betri

Betri ndicho kipuri cha bei kubwa kuliko vyote, nacho huchakaa hata kisipoonyesha alama kwa nje. Betri ya lithiamu kwa kawaida huchajiwa kati ya mara 500 na 1,000 kabla uwezo wake haujashuka hadi kiasi cha asilimia 70 au 80. Kwa mfano, iliyokuwa ikienda kilomita 40 ikiwa mpya, ikibaki na asilimia 70 itakwenda kilomita 28. Si lazima itupwe hapo. Kama safari ya mwenyewe ni fupi, yaweza kumtumikia muda zaidi.

Yako mambo matatu ya kushika. Kwanza, betri isiachwe juani wala isikae siku nyingi ikiwa tupu. Isipotumika, ihifadhiwe ikiwa na chaji ya nusu hivi. Baadhi ya baiskeli hutumia betri za risasi, ambazo ni nzito zaidi. Hizo hutaka kinyume chake, yaani zijazwe baada ya kila safari na zihifadhiwe zikiwa zimejaa. Pili, chaja ilingane na betri. Betri ya lithiamu ya volti 36 yenye seli 10 mfululizo hujazwa hadi volti 42, na ya volti 48 yenye seli 13 hujazwa hadi volti 54.6. Kuitia ya kwanza kwenye chaja ya pili ni kukaribisha moto. Tatu, betri isichajiwe juu ya godoro wala karibu na mlango wa chumba cha kulala, kwani ikishika moto njia ya kutokea huzibwa. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyozama majini isichajiwe tena. Wala fundi asichanganye seli mpya na za zamani ndani ya betri moja.

Ratiba ya ukaguzi

Kila siku kabla ya safari: breki zote mbili, upepo wa matairi na kufuli ya betri.

Kila juma: kufuta vumbi kwenye mnyororo na kuupaka mafuta kidogo, kubinya spoku na kukaza nati za ekseli.

Kila mwezi: kupima mnyororo kwa rula, kutazama unene wa pedi na kukagua viungo vya waya za umeme.

Kuosha kufanywe kwa kitambaa chenye maji. Maji ya mpira yenye kasi hupenya hadi ndani ya mota na kidhibiti.

Betri iliyokwisha kazi

Buhongwa ndiko liliko dampo la Jiji la Mwanza. Kwa hiyo wakazi wake wana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Betri ya lithiamu ikibanwa au kutobolewa ndani ya lundo la taka huweza kuwaka moto, na anayedhurika kwanza ni yule aokotaye chupa na vyuma pale kwa ajili ya riziki yake. Betri ya risasi nayo ina sumu na asidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zinataka taka za namna hii zishughulikiwe peke yake. Mwenye betri chakavu aibandike utepe kwenye ncha zake, aitenge mbali na vitu viwakavyo, kisha aikabidhi kwa muuzaji au mkusanyaji mwenye kibali.

Inasisitizwa kwamba rula, kitambaa na dakika chache za kila juma vyatosha kuuzuia uchakavu usigeuke ajali. Kila mwenye baiskeli ya umeme na aanze leo kwa kupima mnyororo na kutazama pedi za breki zake.