Haki za Mzee Aliye Katika Makao ya Wazee

Katika darsa zetu tumeulizwa maswali mawili. La kwanza: je, yafaa mtoto kumpeleka mzazi wake katika makao ya wazee? La pili: akiisha kuingia humo, ana haki gani, na akidhulumiwa nani wa kumtetea? Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Katika Sura Bani Israil, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa wazazi mara tu baada ya kuamrisha aabudiwe Yeye peke yake, na akakataza mzazi mzee kuambiwa hata neno la kuguna. Aya hiyo yataja uzee unaomfikia mzazi akiwa kwa mtoto wake. Hii ndiyo asili. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yetu wengi katika mwambao huu, kumlisha, kumvisha na kumpa makazi mzazi fakiri ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo, wala si hisani.

Lakini huenda mzee akawa na maradhi yanayotaka mwuguzi usiku na mchana, na nyumbani hapana awezaye. Akipelekwa makaoni kwa ridhaa yake, na mtoto akalipa na kumzuru, hilo ni katika kumtafutia matibabu, wala hatuoni dhambi. Ama kumtupa huko ili nyumba ipate nafasi, huo ni uasi kwa mzazi, na ni katika madhambi makubwa. Kitanda kimehama, wajibu haukuhama.

Mwaka wa 8 wa Hijra, Makka ilipofunguliwa, Sayyidna Abubakar alimleta babake, Abu Quhafa, mzee wa mvi aliyepofuka, mbele ya Mtume (s.a.w.). Mtume akauliza kwa nini mzee hakuachwa nyumbani mwake, yeye akamwendea. Ikiwa Mtume alikuwa tayari kumfuata mzee alipo, sisi tuna udhuru gani?

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, yamhesabu mzee kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 60. Kifungu cha 57 chataka dola ihakikishe kuwa wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wajiendeleze, waishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na wapate matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa dola. Mzee hazivui haki hizi mlangoni mwa makao. Kwa hivyo na tuzijue moja moja:

Kwanza, mwili wake. Kifungu cha 29 chakataza mtu kutendewa ukatili, na mtendaji awe ni serikali au mtu binafsi. Na chakataza kumzuia mtu bila ya sababu ya haki. Mzee asipigwe, wala asifungiwe chumbani au kufungwa kitandani ili mtumishi apumzike.

Pili, sitara yake. Kifungu cha 31 chalinda faragha ya mtu, na barua na mawasiliano yake pia. Sheria yetu imetangulia kuhifadhi uchi wa mtu. Basi bibi mzee aoshwe na mwanamke mwenziwe, na pazia literemshwe.

Tatu, dini yake. Kifungu cha 32 chalinda uhuru wa kuabudu. Aonyeshwe kibla, asaidiwe kutawadha, apewe chakula cha halali. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala. Aliyeshindwa na saumu kwa uzee hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Jamaa wawaeleze wenye makao mambo haya siku ya kwanza.

Nne, mali yake. Kifungu cha 40 chalinda milki ya mtu, na uzee hauiondoi. Mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa mwaka 2018 kuwaingiza wazee wa miaka 70 na zaidi, kila mmoja aliwekewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha za namna hiyo ni zake, si za mwenye kumshikia kadi. Na kubwa kuliko hilo ni nyumba na viwanja. Kumtilisha dole gumba mzee asiyefahamu karatasi ile yasema nini ni kula mali kwa batili. Hiba ya kulazimishwa haisihi, na wasia haupiti thuluthi, wala mrithi hausiwi ila warithi wenziwe waridhie.

Akidhulumiwa, kifungu cha 22 chamruhusu mtu mwengine kumshitakia asiyeweza kujisimamia, bila ya ada ya kufungulia shauri. Andikeni tarehe, yaliyoonekana na waliokuwapo. Ikiwa ni kipigo au wizi, nendeni polisi. Na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu pia hupokea malalamiko.

Tusidhani kuwa dhuluma hii ni ya kwetu tu. Marekani ilitunga sheria mwaka 1987 juu ya makao yanayopokea fedha za serikali: ikakataza kumfunga mzee au kumlewesha dawa kwa raha ya watumishi, na ikataka aarifiwe kabla ya kutolewa, kwa kawaida siku 30. Na Umoja wa Afrika, katika mapatano yake ya mwaka 2016 juu ya haki za wazee, umetaka kukaa makaoni kuwe kwa hiari ya mzee.

Ndugu zetu, liko jambo letusikitisha. Mtu humwacha mzazi wake miezi bila ya kumwona, akauliza bei ya shuka akaiona ghali. Mzazi akifa, huchinja ng'ombe, hukodi mahema, na hulisha mtaa mzima siku ya arobaini. Mlo huo maiti haufaidi. Lau fedha hizo zingemfikia akiwa hai, angelala pakavu na kumwombea mwanawe dua. Aliye na mzazi makaoni na amwendee wiki hii, amfunue shuka aangalie mgongo, amwulize faraghani kama yuko salama.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wema kwa wazazi wetu, na awarehemu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Amin.