Lango la Shule Likifunguliwa Tena: Maswali ya Wazazi wa Bujumbura

Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia mjini, mzazi hujiuliza kwanza kama mtoto aende shule au abaki nyumbani. Swali zito zaidi huja baadaye: mtoto akishakaa nje ya darasa kwa muda mrefu, atarudi vipi, na nani atamsaidia asitoroke tena? Haya ni majibu kwa mzazi au mlezi wa Buyenzi, Bwiza, Kinama, Kanyosha na mitaa mingine ya Bujumbura, na kwa familia zinazohamahama kati ya mji huu, Uvira na Kigoma.

Je, shule za Burundi zilifungwa wakati wa Korona?

Hapana. Wagonjwa wa kwanza wa Korona walithibitishwa nchini tarehe 31 Machi 2020. Wakati huo dunia ilikuwa na wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliofungiwa shule, na Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi chache mno zilizoacha madarasa wazi. Hatua nyingine zilichukuliwa. Safari za abiria katika uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye zilisimama tangu Machi hadi Novemba 2020. Mwishoni mwa Juni, Rais Évariste Ndayishimiye, aliyekuwa ameapishwa siku chache tu kabla, aliitangaza Korona kuwa adui mkubwa wa nchi. Bei ya sabuni ya bluu ikapunguzwa kwa nusu, na Julai ikaanza kampeni ya kupima watu bila malipo.

Kama hazikufungwa, kuna haja gani ya kuzungumzia kurudi shuleni?

Haja ipo, kwa sababu mtoto anaweza kukosa shule hata kama lango liko wazi. Mipaka ilifungwa. Kongo ilifunga yake tangu Machi 2020, na Burundi ikafunga mipaka ya nchi kavu na ya ziwa tarehe 11 Januari 2021. Mama aliyezoea kuvuka Gatumba asubuhi na kapu la nyanya kwenda kuuza Uvira, akirudi jioni na vitenge viwili vitatu, alijikuta hana pa kwenda. Gatumba yenyewe ilikuwa imeshapigwa na mafuriko ya mto Rusizi Aprili 2020, na familia nyingi zilihamia kambini. Katika nyumba kama hizo daftari hushindana na unga, na unga hushinda.

Sababu ya pili ni watoto waliotoka kwa majirani. Mtoto aliyekuwa akisoma Uvira, Kampala au Nairobi alikosa masomo miezi mingi, kisha akaingia darasa la Bujumbura pamoja na wenzake ambao hawakukosa hata muhula mmoja. Sababu ya tatu ni kwamba Korona haikuwa ya mwisho. Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilitangaza mlipuko wa mpox, Bujumbura ikawa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi, na watoto wakawa wengi kati ya wagonjwa. Muda mfupi baadaye, Septemba, mwaka wa masomo ukaanza.

Majirani walifungua shule zao kwa utaratibu gani?

Wengi walifungua kwa awamu. Tanzania ilifunga katikati ya Machi 2020, ikaanza na vyuo na kidato cha sita tarehe 1 Juni, na shule zote zikafuata tarehe 29 Juni. Kenya iliita madarasa ya mitihani pamoja na gredi ya nne tarehe 12 Oktoba 2020, wengine wakaingia tarehe 4 Januari 2021, kisha mihula ikafupishwa ili kufidia muda uliopotea. Rwanda ilianza kufungua Novemba 2020. Kongo ilifungua, ikafunga tena tarehe 18 Desemba 2020, ikafungua tarehe 22 Februari 2021.

Uganda ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa, na Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilionya kwamba karibu theluthi moja huenda wasirudi kabisa. Kuna wavulana walioingia kwenye machimbo ya dhahabu, na wasichana walioolewa au kupata mimba. Walipokuja kuitwa, wengine walikuwa wameshaanza maisha mengine.

Mwanangu amesahau kusoma. Arudie darasa?

Usikimbilie kumrudisha nyuma. Pia usikubali asukumwe mbele bila msaada. Mfano mzuri unatoka Pakistan, ambako tetemeko la Oktoba 2005 lilisababisha shule zifungwe kwa wiki kama 14. Watafiti waliporudi miaka minne baadaye, watoto walioishi karibu na ufa wa ardhi uliosababisha tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Walikosa miezi mitatu, pengo likawa kubwa mara kadhaa. Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba walimu waliendelea na mtaala wa darasa, na mtoto aliyekosa msingi akazidi kupotea kila mwaka. Watoto ambao mama zao walimaliza angalau shule ya msingi hawakubaki nyuma. Msaada wa nyumbani, hata mdogo, una uzito huo.

Dawa yake inajulikana. Shirika la Pratham la India lilieneza mbinu ya kumfundisha mtoto kulingana na kiwango chake, bila kuangalia umri au darasa alilomo. Mwalimu humwita mtoto mmoja mmoja na karatasi moja: herufi kumi, maneno machache, aya fupi, na hadithi ndogo. Kwa dakika chache anajua mtoto huyu anasoma maneno ila anakwama kwenye aya. Kisha kwa saa moja kila siku wanaokwama mahali pamoja huketi pamoja.

Mzazi anaweza kufanya kipimo hicho jioni kwa kitabu cha Kirundi au cha Kiswahili. Ukishajua mtoto anakwama wapi, nenda kwa mwalimu na umuulize: "Mwalimu, mwanangu anasoma maneno lakini aya inamshinda, tumsaidie wapi?" Swali la namna hiyo hupata jibu haraka kuliko kusema tu kwamba mtoto hafanyi vizuri. Na katika shule zetu zenye darasa la asubuhi na la mchana, muulize pia kama kuna nusu ya siku ambayo chumba kiko tupu na wanaohitaji msaada wanaweza kukusanywa humo.

Binti yangu alipata mimba. Bado ana nafasi shuleni?

Anastahili kurudi, na sisi ndio wa kumtetea. Wakati wa Ebola, Sierra Leone ilifunga shule karibu miezi 9, na zilipofunguliwa Aprili 2015 serikali iliwakataza wasichana wajawazito kuingia darasani. Katazo hilo lilidumu hadi Machi 2020, baada ya Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Magharibi kulihukumu kuwa ubaguzi. Tanzania iliwafungulia mlango mama wadogo Novemba 2021, na Uganda iliwaruhusu wajawazito kurudi Januari 2022.

Usimwozeshe ili kufunika aibu. Sheria ya Burundi inataka msichana awe na miaka 18 kabla ya kuolewa, na mvulana 21. Ongea na direkteri mapema, panga nani atabaki na mtoto mchanga, na mwombe mwalimu aelewe kwamba mama anayenyonyesha anaweza kuchelewa. Ikiwa mimba ilitokana na kulazimishwa, hilo ni kosa la jinai na wa kulaumiwa ni aliyelitenda.

Kijana ameshaonja pesa ya biashara. Nitamrudishaje?

Mvulana aliyeuza mayai na karanga kituo cha mabasi au aliyebeba mizigo sokoni ameleta chakula nyumbani, na anajua hivyo. Ukimwita mtoro utampoteza. Mshukuru kwanza kwa aliyoyafanya, kisha mkae mhesabu pamoja: analeta kiasi gani kwa siku, na nyumba itakifidia vipi akiwa darasani? Mara nyingi jibu ni saa chache za kazi nyepesi baada ya masomo na Jumamosi, huku mnatafuta njia nyingine ya kipato. Akikaa nje muda mrefu mno na kuona haya kuketi na wadogo, ulizia mafunzo ya ufundi katika tarafa yenu. Useremala na ushonaji navyo vinamweka njiani.

Pesa hakuna. Kuna msaada gani kwa familia?

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo tuanze na vilivyopo. Karo ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2005, na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 pamoja na huduma ya kujifungua ni bure katika vituo vya serikali tangu 2006. Asitokee mtu wa kumfukuza mtoto wa darasa la tatu kwa jina la karo. Gharama zinazobaki ni sare, madaftari na chakula, na hizo ndizo zinazowatoa watoto shuleni kimyakimya.

Mradi wa Merankabandi, ulioanzia mikoa ya Gitega, Karusi, Kirundo na Ruyigi, ulionyesha njia iliyo rahisi: familia maskini yenye watoto hupewa pesa kidogo kwa vipindi, na anayepokea ni mama. Ulizia kwa shefu wa kartie na katika kituo cha maendeleo ya familia na jamii, CDFC, ni misaada gani iko wazi na majina huandikwa lini. Kwenye shule zenye kantini, sahani ya maharage ya mchana ni sababu tosha ya mtoto kuja. Kamati ya wazazi iliyo na sauti moja inaweza kuiomba pale ambapo haipo. Na kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinaweza kutenga mfuko mdogo wa Agosti, mwezi ambao kila mzazi anatafuta madaftari kwa wakati mmoja.

Nitajuaje kwamba shule ni salama?

Simama langoni dakika tano na uangalie mambo matatu. Je, kuna ndoo yenye bomba, ina maji wakati huo, na sabuni ipo? Je, madirisha yanafunguliwa watoto wakiwa ndani? Je, kuna mwalimu anayejulikana kuwa ndiye wa kumpokea mtoto aliyeugua na kumpigia simu mzazi?

Mtoto mwenye homa na vipele abaki nyumbani na apelekwe kituo cha afya. Ikithibitika ni mpox, arudi darasani baada ya magamba yote kudondoka na ngozi mpya kuota, si kabla. Akirudi, mwalimu awaeleze wenzake kwamba amepona. Watoto wengi huacha shule kwa sababu ya kuchekwa.

Mtoto amebadilika: hasemi, ana hasira, anakojoa kitandani. Nifanye nini?

Usimchape. Dalili hizo huja kwa mtoto aliyefiwa, aliyehamishwa na mafuriko, au aliyeishi na ugomvi na njaa nyumbani. Mrudishie ratiba: saa ya kulala, saa ya kula, kazi ndogo ya nyumbani. Kaa naye bila kumhoji, maana watoto husema wanapokuwa na kazi mkononi. Mwambie mwalimu mambo yaliyompata, ili ukimya wake usichukuliwe kuwa ujeuri.

Ukishuku amedhulumiwa kingono, usingoje. Kituo cha Seruka mjini Bujumbura hupokea waliobakwa, watoto kwa watu wazima. Kufika ndani ya saa 72 kunawezesha kupewa dawa za kuzuia VVU. Usifue nguo zake kabla ya kwenda.

Tufanye nini sasa, kabla ya ugonjwa mwingine?

Mambo manne hayahitaji bajeti ya serikali. Kwanza, kila mwalimu awe na daftari la majina ya wanafunzi wake, mtaa wanaoishi na namba ya simu ya mtu mzima. Pili, kila nyumba ijue masafa ya Redio Nderagakura, redio ya shule ya wizara ya elimu, ili masomo yasikatike siku madarasa yakisimama. Tatu, kila mtoto wa darasa la mitihani apatiwe mwenzake wa jirani wa kusoma naye.

La nne ndilo linaloamua mengine yote. Siku ya kwanza ya kufungua, mwalimu aite majina na kuandika nani hayupo. Orodha hiyo ifike kwa shefu wa kartie na kwa wazazi wawili watatu wenye moyo, na kabla ya Ijumaa kila mlango wa mtoto asiyeonekana uwe umebishiwa hodi na mtu anayemfahamu. Wasiende kukaripia. Waulize kimekosekana nini: sare, chakula, mlezi wa mtoto mchanga, au mtu wa kumwambia tu kwamba darasani bado kuna nafasi yake. Mzazi unayesoma haya, jitolee uwe mmoja wa hao wa kwenda kubisha hodi.